Wiki Sita za Mtori

Jumatano, tarehe 20 Agosti 2025. Manyunyu tangu alfajiri, ukungu umekaa juu ya migomba, mlima hauonekani. Ilikuwa baridi ya kuvaa sweta mbili, na Elisifa, karani wa mizani katika chama cha msingi cha kahawa kilicho juu kidogo ya Kwa Sadala, alikuwa amevaa mbili, khanga juu yake, na miguuni buti za mvua. Buti hizo alizivaa hata siku za jua. Tangu Juni alikuwa na kidonda chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, kidonda kisichouma wala kupona, na hakuwa amemwonyesha mtu.

Kutouma kwake ndiko kulikomtisha. Baba yake mzazi alianza hivyo hivyo, akakatwa mguu kwa sababu ya sukari, na mwaka uliofuata wakamzika. Kwa hofu hiyo Elisifa alikubali upasuaji wa kupunguza tumbo, mwezi kama huu wa mwaka 2019, akiwa na miaka arobaini na mitatu, kilo mia moja thelathini na nne, na sukari isiyoshikika kwa dawa.

Daktari wa Dar es Salaam alimweleza kwamba sehemu kubwa ya tumbo ingeondolewa, libaki jembamba kama ndizi.

"Ndizi gani, daktari?" Elisifa aliuliza. "Kwetu ndizi ni nyingi. Hata mkono wa tembo, ile nene kuliko zote, nayo ni ndizi."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akampa karatasi ya maelekezo: kwa wiki sita, vyakula laini tu.

Aliporudi nyumbani, karatasi ile ilisomwa sebuleni mbele ya mama mkwe wake, Bibi Aikande, ambaye nyumba yake iko kwenye kihamba kimoja nao, shamba la ukoo la migomba. Wilbert, mume wa Elisifa, hufanya kazi kiwanda cha sukari huko chini na hupanda nyumbani Jumamosi tu, kwa hiyo mgonjwa alikuwa mikononi mwa bibi. Chakula laini Bibi Aikande hakuhitaji kufundishwa. Alimenya ndizi mshare, akazichemsha na nyama ya mfupa, akaziponda, akatia maziwa na siagi, akachuja kama anayemhudumia mzazi aliyejifungua jana. Mtori ukaja kwenye chupa ya chai, asubuhi na jioni.

Na kweli mambo yalikwenda vizuri. Kila Jumamosi ya msimu, kabla ya gunia la kwanza, Elisifa alipanda mwenyewe kwenye mizani ya kahawa, na wakulima waliokuwa kwenye foleni wakasoma kwa sauti: mia na kumi na mbili, tisini na nane, tisini. Alipofika themanini na moja, mmoja wao, Mzee Onesphory, alisema chama kimepoteza gunia zima la kahawa, aitwe mkaguzi. Sukari ilishuka, dawa akaachishwa. Kanisani akina mama walimsimamisha atoe ushuhuda.

Mwaka wa tatu mshale wa mizani ukaanza kurudi. Kilo mbili, kisha nne, kisha tisa. Vijiko vitatu vya wali vilimshibisha, na bado alinenepa. Hakuelewa, na kwa kuwa hakuelewa aliona aibu, kana kwamba kuna mahali anakula bila kujijua. Akaacha kupanda mizani. Wakulima waliona, hakuna aliyeuliza. Kliniki ya Moshi, alikofuatiliwa tangu upasuaji, akaacha kwenda, na kila muuguzi wa huko, Hilaria, alipompigia simu kuulizia uzito, alimtajia themanini na nne. Mara nyingine themanini na nne na nusu. Alijua uongo wenye nusu huaminika zaidi.

Jumatano hiyo simu iliita wakati gunia la Mzee Onesphory liko juu ya mizani.

"Dada Elisifa, habari za huko? Nina kitabu hapa. Uzito?"

"Uzito wangu? Themanini na tano."

"Sukari?"

"Iko sawa."

"Miguu unaikagua?"

"Haina shida."

Alitia simu mfukoni, akainama kusoma. "Sitini na mbili."

Mzee Onesphory hakuondoa mkono kwenye gunia lake. "Karani," alisema, "hiyo sitini na mbili ni ya mizani hii au ni ya ile simu?"

Foleni ikaangua kicheko. "Mzee, shukuru!" mtu akadakia kutoka nyuma. "Angekusomea kama alivyojisomea, gunia lako lingekuwa kikapu!"

Wakacheka tena, kisha wakaacha, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu Elisifa hakucheka. Mzee Onesphory alivua kofia.

"Ni utani tu, mama."

"Najua, mzee."

Kwa miaka kumi na tisa ya ukarani wake watu waligombana na chama kuhusu bei, kuhusu mbolea, kuhusu mabati ya ghala. Kuhusu mizani ya Elisifa hakuna aliyewahi kugomba. Alimalizia gunia lile, akamwita katibu Davis amshikie kazi, akaenda nyuma ya ghala na kupiga simu.

"Hilaria, futa ulichoandika."

"Nifute nini?"

"Vyote. Uzito siujui, sijapima miaka mitatu. Na mguu una kidonda tangu Juni."

Elisifa alisubiri kugombezwa. Lakini Hilaria aliuliza, "Unakula nini, dada?"

"Nakula kidogo mno. Vijiko vitatu vya wali nashindwa."

"Na kunywa?"

"Mtori tu."

"Kikombe?"

"Chupa. Asubuhi moja, jioni moja."

"Chupa ya chai? Ile ya lita?" Hilaria alishusha pumzi. "Dada, wali unakaa tumboni ndiyo maana unashiba. Mtori haukai, unateremka. Unaweza kunywa mchana kutwa tumbo lisikwambie kitu, na ndani kuna ndizi, siagi, maziwa. Anza na yai, maharage, samaki. Mtori uwe wa kuonja."

"Kwa hiyo nimeharibu kazi ya daktari."

"Sikiliza. Wengi hupanda tena, hata wasiokunywa mtori. Mwili wenyewe unataka kurudi ulikotoka. Ndiyo maana tunawapigia simu, siyo kuwasimanga. Ila huo mguu hausubiri. Kesho saa tatu uwe hapa."

Saa kumi na moja jioni Bibi Aikande aliingia na chupa yake, kama siku zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kunywa kabla haujapoa. Leo nimepata mfupa wenye uboho."

"Kaa kwanza, mama." Elisifa alivua buti, akavua soksi.

Bibi Aikande aliinama, akaugeuza mguu ule kwenye mwanga. "Tangu lini?"

"Juni."

"Na mimi naingia hapa mara mbili kwa siku!"

"Nilificha. Na kuna lingine, mama. Muuguzi ananitaka Moshi kesho saa tatu, na anasema mtori umechangia kunirudishia uzito."

"Mtori?" Bibi alicheka kidogo, bila furaha. "Mtori ni chakula cha wazazi na wagonjwa. Nimewainua wangapi kwa mtori, wewe ukiona?"

"Wale walikunywa miezi mitatu wakarudi shambani. Mimi nimekunywa miaka sita."

"Karatasi ilisema vyakula laini."

"Ilisema wiki sita."

"Sasa mbona hukuniambia wiki zimekwisha?"

Elisifa aliikunja soksi, akaikunjua. Nje manyunyu yalikuwa yanadondoka kwenye migomba. "Ulikuwa unaniletea," alisema hatimaye. "Tangu mama yangu afe, hakuna mtu mwingine aliyewahi kunipikia."

Bibi Aikande alikaza kifuniko cha chupa, akakikaza tena ingawa kilikuwa kimekaza, akaondoka nayo bila kuaga.

Alhamisi asubuhi Elisifa alifungua mlango kabla ya saa moja na kumkuta Bibi Aikande amesimama barazani, na viatu vya kanisani miguuni. Hakuwa na chupa. Mkononi alikuwa na mayai mawili ya kuchemsha ndani ya leso.

"Haya nayo yamekatazwa?"

"Hayajakatazwa, mama."

"Basi kula tuondoke."

Walipitia chama. Foleni ilikuwa imeanza, Mzee Onesphory akiwa wa pili na gunia lililosalia. Elisifa alisalimia, akavua buti, na bendeji aliyoifunga alfajiri ikaonekana. Bibi Aikande akazipokea zile buti, akazishika kifuani. Elisifa akapanda kwenye mizani, akaangalia mbele.

"Mzee, nisomee."

Mzee Onesphory aliinama. Alisoma taratibu, kwa sauti ya chini.

"Soma kama unavyonitaka nisome gunia lako."

"Mia moja na kumi na nane na nusu," alisema, na watu wote wakasikia. Hakuna aliyecheka.

Elisifa alishuka, akaiandika namba hiyo kwenye kipande cha karatasi pamoja na tarehe, akavaa buti, akamkabidhi Davis kalamu ya mizani. Kisha yeye na mama mkwe wake wakateremka kwenda kupanda gari la Moshi.