Madaraja ya Maji Nyuma ya Milima

Siku yangu ya kwanza kazini Maskati nilivaa viatu vya kuazima. Ilikuwa mwaka wa sitini na tano, nami nimetoka Unguja na nguo za mwilini tu. Karakana yetu ilikuwa Wadi Kabir, wakati huo bonde la mawe nje ya mji, si hizo gereji mnazoziona leo. Msimamizi wa kazi, mtu mkavu wa maneno, akaniuliza nilijenga nini kwetu.

"Skuli, na ukuta wa bandari," nikamjibu.

"Huku hatujengi," akasema. "Huku tunazuia yaliyokwishajengwa yasianguke."

Baadaye nikapewa kufuatana na Mhandisi, Mhindi mpole aliyetumwa kukagua madaraja ya falaj nyuma ya milima. Nyinyi vijana mkisikia daraja mnafikiri gari. Haya yalikuwa ya maji. Falaj ni mfereji wa kale unaotoa maji mlimani kuyapeleka mashambani. Mfereji ukifika kwenye wadi, yaani mto mkavu unaojaa mvua ikinyesha juu, huvushwa kwa matao ya mawe. Juu ya mfereji walilaza mabamba ya mawe kama paa, jua na taka zisiyafikie maji. Wadi ikijaa, watu hupita juu ya paa hilo. Saruji yao haikuwa simenti hii ya leo. Ilikuwa udongo uliochomwa, ukapondwa, ukachanganywa na chokaa, nayo ikishika imeshika.

Tulikwenda kwa Landrova juu ya changarawe. Mengi tuliyoyakuta yalikwishakufa. Tao limesimama peke yake, mitende imekauka vichwa, nyumba hazina milango. Mhandisi alikuwa akishuka, anatazama, anarudi garini.

Moja tulilikuta hai. Mwangalizi wake alikuwa Mzee Khalfan, aliyechuma karafuu Pemba ujanani, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu.

"Umetoka Unguja?"

"Ndiyo, baba."

"Umemwacha nani huko?"

"Niliokuwa nao nimewazika."

Akanishika mkono. Akatupeleka chini ya daraja. Nguzo ya katikati ilikuwa imeliwa na maji chini, hata mkono ukiingia wote. Mhandisi alipapasa ufa, akasema, "Njia ya juu ifungwe. Asipite mtu mpaka turudi na vifaa."

Nikamfasiria Mzee Khalfan.

"Wadi ikija, mkunga wetu yuko ng'ambo," akasema. "Na binti yangu Zuwena ana mimba."

"Mwambie tutarudi kabla ya mvua," akasema Mhandisi.

Nikamwambia. Mzee akakata miiba, akaziba njia mbele ya macho yetu.

Tuliporudi Maskati, Mkuu wetu alimsikiliza Mhandisi akiwa amesimama, funguo mkononi.

"Vijiji ni vingi," akasema. "Tumalize ya mjini kwanza."

"Hili halitangoja, bwana."

"Yamengoja miaka yote hiyo."

Mimi nikapelekwa Qantab kutengeneza kisima. Mhandisi aliomba tena, na tena, mpaka Mkuu akakataa kumwona. Mvua ikanyesha ruhusa haijatoka.

Ruhusa ilipotoka, tukaenda na simenti na watu wa kutosha. Kutoka mbali tukaona pengo. Nguzo ya katikati haipo, na mabamba yametawanyika wadini. Zuwena akatutokea na mtoto mchanga begani. Wadi ilikuja uchungu ulipomshika, akatueleza. Baba yake aliiondoa miiba kwa mikono yake, akakataza mtu yeyote asimfuate, akavuka peke yake kumwita mkunga. Alikuwa katikati nguzo ilipoanguka.

Mhandisi akavua kofia, asijue pa kuiweka.

"Alikuwa akikungojeni," Zuwena akatwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kila akisikia gari alikuwa akitoka nje."

Bila maji kijiji hakikuweza kukaa. Watu walikuwa wakifunga mizigo. Tuliposhusha simenti, mzee mmoja alituomba tuirudishe garini, tupakie vitanda vyao badala yake. Tukapakia. Zuwena alikaa nyuma na mtoto, hakugeuka kutazama.

Mhandisi aliacha kazi akarudi kwao. Mwaka wa sabini akaja Sultani mpya, mambo yakabadilika, kazi zikawa nyingi, nami nikapanda mpaka nikastaafu msimamizi wa ujenzi. Nimesimamia madaraja ya zege, marefu, gari zinapita zikiruka. Nnashukuru. Lakini kazi ya ujenzi, wanangu, nyingi yake ni kufika mapema, na hilo halimo mikononi mwa fundi.

Sasa nnakaa Ghubra. Siku za mapumziko wajukuu hunichukua kutembea nyuma ya milima, wakapiga picha tao lililobaki.

"Babu, nani alilijenga?"

Hilo silijui, wala simjui ajuaye. Mimi huwaeleza nani alikuwa juu ya daraja lilipoanguka, na alikuwa anakwenda wapi.