Shikamoo Juu ya Ua

Kinyozi yule watu walimwita Sawasawa, na jina lilimkaa. Hakuwa mlevi wala mgomvi. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, kusawazisha. Ukikaa kwenye kiti chake chenye ngozi iliyopasuka, akakupunguza nywele za kushoto, alirudi nyuma, akafumba jicho moja, akaona kulia kumezidi. Akipunguza kulia, kushoto nako kunachomoza. Wateja wa siku nyingi walijua kumshika mkono mapema: "Fundi, hapo hapo, imetosha." Wageni walitoka na vipara. Kisha anamshikia mtu kioo nyuma ya kisogo na kumuuliza, "Sawasawa?" Sasa mtu atajibu nini, na nywele ziko sakafuni?

Mtu wa namna hiyo hakupaswa kukabidhiwa mkasi wa bustani. Alijikabidhi mwenyewe.

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na ua wa miti hai, umeshonana vizuri, mrefu kumpita mtu, uliotenganisha uwanja wake na uwanja wa wakweze. Upande wa pili aliishi shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, ambaye kazi yake ni ushonaji, pamoja na mama yao mzazi. Mama mkwe huyo viungo vilikuwa vimemkaza. Bafu la ndani lilikuwa na sakafu ya kuteleza na baridi ya kuingia mifupani, kwa hiyo kila asubuhi, jua likishapanda, binti yake alimkalisha kwenye kigoda nyuma ya ule ua, akamwogesha kwa maji ya uvuguvugu, kisha akamwacha hapo aote jua akiwa amejifunga shuka. Ndiyo starehe iliyombakia. Sawasawa aliyajua hayo yote. Aliyajua kama mtu anavyojua kwamba jirani ana saa ya ukutani. Unajua ipo, lakini hukai ukaifikiria.

Kisa kilianza na kamba ya kuanikia nguo. Matawi ya ua yalikuwa yameilalia, na mashuka yakawa yanatoka na madoa ya utomvu. Mkewe akamwambia, "Punguza kidogo. Kidogo, baba watoto. Unanisikia nikisema kidogo?"

"Kwani mimi sijui maana ya kidogo?"

Akaanza upande wa kamba. Akakata kidogo kweli, kama alivyoagizwa. Akarudi nyuma, akafumba jicho. Upande wa pili ukaonekana umesimama kama kishungi. Akaenda kuukata ule nao, mkono ukazidi, ikabidi arudi upande wa kwanza. Mkewe alikuwa ametoka kwenda sokoni, na hapakuwa na mtu wa kumshika mkono. Matawi yakawa yanaanguka, mwenyewe anapiga mluzi, macho yako kwenye mstari tu. Kinyozi akiwa kazini haoni uso wa mtu, anaona nywele. Na siku hiyo hakuona kilicho nyuma ya ua, aliona ncha za matawi. Ulipofika chini ya kifua chake ndipo uliponyooka. Akarudi nyuma kwa mara ya mwisho, akaridhika, akafumbua lile jicho jingine.

Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake, mwili mtupu, povu mabegani. Binti yake alikuwa ameingia ndani kuongeza maji. Yule mzee alikuwa anamtazama.

Angeweza kuinama. Angeweza kugeuka, au kujishika jicho kama aliyeingiwa na takataka, au hata kujiangusha chini na kuzimia. Mbele ya mama huyu alikuwa hajawahi hata kukaa bila kufunga kifungo cha juu cha shati. Lakini mdomo ulimtangulia akili.

"Shikamoo, mama."

Na yule mzee, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuiacha salamu ya mtu ianguke chini, akaitikia, "Marahaba, mwanangu."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtu akiona asichostahili kuona akanyamaza, wote wawili wanaweza kujifanya hakuona. Lakini salamu ikishaitikiwa, mmekutana. Sawasawa alikimbilia ndani na mkasi wake mkononi, akakaa kitandani mgongo ukiwa umeloa jasho. Alitamani ardhi ipasuke immeze, ila ardhi haina tabia ya kumsaidia mtu kwa wakati. Mkewe aliporudi alimwambia kwamba ua ameupunguza kidogo kuliko alivyokusudia. Mkewe akaenda kuchungulia dirishani, akashika kichwa.

Laiti angeishia hapo. Lakini kinyozi asiye na habari ni kinyozi asiye na wateja, na aibu ikikaa tumboni inawasha. Kesho yake, akiwa anamnyoa fundi baiskeli, akaona ni afadhali aicheke kuliko imchome. Akasimulia. Fundi baiskeli akacheka hadi sabuni ikamwingia puani. Wakaingia wengine, akasimulia tena, safari hii kwa vitendo: akakaa kwenye kiti, akakunja mabega, akaibana sauti ikawa nyembamba ya kizee, "Marahaba, mwanangu!" Kicheko kilitoka mpaka barabarani. Kwa muda ule alijiona mwepesi kabisa, tena alijisifu moyoni kwamba ameimaliza.

Maneno yalifika kwenye bomba la maji kabla hajafunga duka. Shemeji yake alikuwa pale na ndoo zake. Mwanamke mmoja akabana sauti, wenzake wakaangua kicheko, kisha wakamwona na kunyamaza wote kwa pamoja. Akateka maji yake, akaondoka bila kuaga.

"Mama hatoki tena," mkewe alimwambia baadaye, huku akikunja nguo bila kumtazama. "Dada amemwambia kuna mashuka ya kuzibia, amekataa. Anajifuta kwa kitambaa chumbani, pazia limefungwa. Jua halioni."

"Ni kwa sababu ya ule ua."

"Ule ua ni shauri la mkasi. Mama asingekasirika kwa mkasi, anakujua ulivyo. Wewe umemwigiza, mume wangu. Umemwigiza mama yangu mbele ya watu."

Sawasawa alitaka kusema ulikuwa utani tu. Neno lenyewe lilimwishia mdomoni, maana alijisikia akiibana ile sauti, na safari hii haikumchekesha hata kidogo. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Alijaribu kwanza kutundika shuka kwenye vijiti. Upepo ulilinyanyua fundi wa umeme akiwa juu ya nguzo; bahati nzuri kigoda kilikuwa kitupu. Akasema atanunua mabati. Shemeji akamjibu dirishani, bila kufungua pazia, kwamba mabati yakipigwa na upepo yanalia na mama hapati usingizi. "Basi niambie nifanye nini, shemeji." Pazia halikujibu.

Matawi aliyoyakata bado yalikuwa pale chini, lundo zima, mkewe akimngoja ayachome. Alikaa juu yake siku ya mapumziko ameshika tama. Ndipo akakumbuka kwamba kwenye uwanja wa hospitali watunza bustani hawachomi matawi waliyopogoa. Wanachimbia vigingi safu mbili, wanayapanga katikati, yanakuwa ukuta. Kama nywele za bandia, akawaza, na wazo hilo lilimuuma badala ya kumchekesha. Alichokata kichwani sasa anakirudisha kwa kukibandika.

Akachagua matawi manene, akayachonga ncha, akayagongea ardhini upande wake, safu mbili zenye nafasi ya mkono mmoja kati yake, kando ya vile visiki vya ua vilivyobaki, ambavyo vingechukua muda mrefu kuchipua hadi kumficha mtu. Akalaza matawi marefu kwanza, moja shina huku, la pili shina kule, ili yashikane. Kila tabaka alilikanyaga. Vijiti vyembamba akavipenyeza kwenye mianya kama mtu anayefuma. Kazi yote aliifanya kwa kuupa mgongo uwanja wa wakweze. Alikuwa akipapasa kwa nyuma, anajichoma, anajilaani. Jirani aliyepita njiani alimuuliza kama amepata upofu.

Ukuta ulipofika juu ya kichwa alijisikia mtu tena. Kisha majani yakakauka yakapukutika, matawi yakakaa, na ukuta wote ukashuka hadi mabegani, umejaa matundu. Na pazia la upande wa pili lilikuwa bado limefungwa.

Hapo ikambidi atoke akaombe matawi, na kuomba ni lazima useme ya nini. Kwa wa kwanza alidanganya kwamba anazuia kuku. Kwa fundi baiskeli, ambaye nyuma ya karakana yake palikuwa na miti iliyopogolewa juzi, uongo ulimshinda.

"Ni kwa ajili ya mama mkwe," alisema akitazama miguu yake. "Na ile hadithi, nakuomba usiisimulie tena."

"Fundi, si wewe mwenyewe uliyetusimulia?"

"Ndiyo maana nakuomba mimi mwenyewe."

Fundi baiskeli alimtazama, akaacha kutabasamu. Akamsaidia kufunga mizigo ya matawi kwa mipira ya baiskeli iliyochakaa. Dukani nako wateja walimtaka aigize ile ya shikamoo, akawaambia wageuze kichwa upande wa pili. Waliomng'ang'ania aliwapaka sabuni mdomoni, kwa bahati mbaya.

Aliendelea kuulisha ule ua. Kila uliposhuka aliongeza, kila tundu lililofunguka aliliziba. Siku moja asubuhi alikuwa amechuchumaa chini kabisa, karibu na visiki, akisukuma kitawi kwenye mwanya wa mwisho, mkono umezama hadi kwenye kiwiko. Akasikia mlango wa upande wa pili ukifunguliwa. Akasikia kigoda kikiwekwa, kisha beseni, kisha maji yakimiminwa.

Alitaka kuondoka, lakini chini yake palikuwa pamejaa majani makavu, na angeinua mguu tu yangelia mtaa mzima usikie. Akabaki vilevile. Siafu mmoja akapanda kwenye kifundo cha mguu, akaanza kazi yake.

"Mama, mdogo wangu ameuangalia ule ua," ilikuwa sauti ya shemeji, "tena kwa makini. Amesema umeziba kabisa."

Kitawi kilichokuwa mkononi mwa Sawasawa kilikwaruza, kidogo sana.

"Ngoja," alisema yule mzee. "Upande wa pili kuna mtu?"

Salamu ilikuwa imeshamfika Sawasawa kooni, kwa mazoea tu. Maisha yake yote hakuwahi kumpita mkubwa bila kumsalimu. Akauma midomo. Aibu yake yote ilikuwa imejikusanya kwenye neno lile moja, na safari hii alilimeza.

Siafu aling'ata.

"Hakuna mtu," alisema mama mkwe, kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika. "Angekuwapo, angenisalimu. Nimwagie maji."

Maji yakamwagika. Yule mzee akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyekuwa na hamu ya jua, na Sawasawa akabaki amechuchumaa na mkono wake ndani ya matawi, macho amefumba yote mawili, machozi yakimtoka, na hakuthubutu hata kuyafuta. Alikaa hivyo hadi kigoda kilipoondolewa.

Jioni mkewe alikuwa na furaha. "Mama ametoka leo! Dada amenihadithia. Ameoga, ameota jua hadi amesinzia hapo hapo." Kisha akamtazama mumewe, akamtoa jani kavu kwenye nywele. "Na wewe ulikuwa wapi wakati huo?"

"Mimi?" alisema kinyozi. "Sikuwepo."

Mkewe alilishika lile jani kwa muda, akalitupa nje, akaenda kupakua chakula.