Historia ya Mama Imo Kwenye PDF, Dada Yetu Hayumo

Admin, nihifadhie jina, maana ndugu zangu nao wanapita humu. Mimi ni baba wa miaka arobaini na tisa, mwalimu wa sekondari, naishi Kihesa, Iringa. Nimechoka, jamani. Siyo uchovu wa kazi, kazi nimeizoea. Nimechoshwa na faili la kurasa mbili.

Mama yetu alifariki mwaka jana huko Usangu. Siku ya mazishi mvua ilitufukuza makaburini, historia ya marehemu haikusomwa. Jumamosi hii tunaweka msalaba kaburini kwake, na safari hii lazima isomwe. Kaka yangu mkubwa, anayeishi Mbeya mjini, aliiandikisha steshenari, ikapambwa kwa picha ya mama na maua pembeni, ikatolewa kwa PDF. Baadaye likaonekana kosa: mama alibatizwa Lidia, wao wameandika Loida. Steshenari wakasema faili la mwanzo walishalifuta. Kaka akanipigia.

"Mwalimu, si una kompyuta nyumbani? Rekebisha hilo jina tu. Kingine usiguse, wazee wameshaipitisha."

Nikaona ni jambo dogo. Kumbe! Programu ya kwanza niliyopakua ilinikubalia kila kitu, ila nilipohifadhi ikabandika tangazo lake mshazari, juu ya uso wa mama. Ya pili ilitaka kadi ya benki na dola. Ya tatu ilikuwa ya mtandaoni. Ilimeza bando langu lote, ikanirudishia herufi zimetawanyika kama vifaranga walioona mwewe, picha ya mama imekimbilia mwisho. Mke wangu akawa anapita sebuleni anaguna. "Si uchape tu upya, baba?" Ningechapa, lakini kaka anaitaka ileile, na maua yake.

Mwisho mwalimu mwenzangu akanielekeza programu ya bure ya kazi za ofisi, ambayo sehemu yake ya kuchorea inafungua PDF na kukuachia uguse mstari mmoja mmoja. Nikafuta Loida, nikaandika Lidia, ikatoka safi. Nilifurahi mno. Nikaanza kuipitia taratibu nione kama hakuna kilichohama, ndipo nikafika pale pasemapo: "Marehemu ameacha watoto wanne."

Sisi ni watano.

Wa tano nitamwita Milembe, si jina lake. Wazazi wetu walihama Usukuma na ng'ombe miaka ya sabini, wakaingia Usangu mimi nikiwa bado mgongoni. Jirani tuliyehama naye akajifungua, akafariki, na mumewe akaondoka asionekane tena. Mama akakichukua kile kichanga. Titi hili nikanyonya mimi, lile akanyonya Milembe. Mimi sikuwahi kujua kwamba ni mtoto wa mwingine mpaka nilipokuwa mkubwa, na nilipojua hakikubadilika kitu.

Kwetu Wasukuma, binti akiolewa, ng'ombe wa mahari yake ndio wanaomwolea kaka yake. Ng'ombe wa Milembe walipoingia zizini hawakumaliza hata msimu. Kaka mkubwa alioa kwa hao hao, na mke huyo anaye mpaka leo. Siku ile hakuna aliyeuliza Milembe alizaliwa na nani! Alipofiwa na mume wake akarudi nyumbani, akamwogesha mama, akamgeuza kitandani, akamlisha uji mpaka mwisho. Sisi wanne wa kwenye karatasi tulikuwa tunapiga simu kuuliza, "Mama ameamkaje?"

Nikampigia kaka. "Kaka, Milembe mbona hayumo?"

Akajibu, "Yule alilelewa. Kulelewa siyo kuzaliwa. Ukimsoma mbele ya kanisa leo, kesho anadai majaruba ya mpunga."

"Na wale ng'ombe wake, kaka?"

"Usiniletee habari za ng'ombe hapa! Umepewa kurekebisha jina, rekebisha jina. Ukiichezea hiyo PDF, hata msiba wangu usije."

Ndugu wasomaji, kwetu neno hilo si la mchezo. Na mniamini, kaka si shetani. Baba alipofariki yeye ndiye aliyeacha shule akachunga, akauza maziwa, mimi nikasoma mpaka nikawa huyu mwalimu. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, wahenga walisema, na mimi nimelelewa na kaka kama Milembe alivyolelewa na mama. Ndiyo maana mdomo wangu mzito.

Sasa sikieni linaloninyima raha. Mchungaji amempanga Milembe kuisoma hiyo historia, kwa sababu ndiye anayesoma masomo kanisani na sauti yake inafika mpaka nje. Hajui kilichoandikwa. Amenitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, nitumie basi historia ya mama nianze kuizoea. Nisije nikalia katikati nikawaaibisha."

Nimemjibu kompyuta inasumbua. Nimemdanganya, kompyuta ni nzima. Kwenye kioo chake kuna mafaili mawili, moja lina watoto wanne, jingine nimeandika watano na jina lake nimeliweka baada ya langu. Nayaangalia, nafunga, naenda kusahihisha madaftari.

Nikituma la watano, kaka ataisikia mbele ya waumini wote, na nitakuwa nimempoteza aliyenisomesha. Nikituma la wanne, Milembe atasimama pale kaburini, na kwa mdomo wake mwenyewe atawatangazia watu kwamba yeye si mtoto wa mama.

Leo asubuhi ameniuliza tena kama kompyuta imepona. Mngekuwa ninyi, mngemtumia lipi?