Nilijifunza database kwa video, ikanikamata mimi na shemeji yangu

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, na sehemu zinazoniaibisha nimeziacha kama zilivyo.

Nina stationery Mbinga mjini, ila kwetu ni Mbaha, kando ya ziwa. Mchana wateja wakipungua nilikuwa naangalia tutorial za database. Yule jamaa wa kwenye video anaongea Kiingereza cha kukimbia, nikampunguza spidi mpaka akawa anaongea kama mlevi. Hapo ndipo nikamwelewa.

Mwalimu Hyera, mwenyekiti wa kombe la kata zetu, akapata habari. Akaniletea orodha za wachezaji wa timu zote.

"Kila mwaka watu wanachezesha mamluki," akasema. "Tengeneza kitu cha kuwanasa."

Kanuni ni moja: unachezea kata unayoishi.

Nikakubali haraka, na nilikuwa na sababu. Mfungaji wetu Mbaha alikuwa Deo, mdogo wake mke wangu. Deo analima kahawa na anaishi Tingi, kata nyingine kabisa.

Sasa nani wa kumlinda kama si mimi ninayeingiza majina? Nikampa jina la ukoo wangu: Deo Haule, wa Mbaha.

Primary key, yaani kile kinachomtofautisha mtu na mwingine, niliweka jina. Mimi ni mtu wa huku, najua majina yetu yanavyojirudia, na bado nikafanya hivyo. Alipofika Joseph Komba wa pili, mashine ikamkataa. Huyo ni wa Lipingo, baba wa watoto wanne, akakosa mechi ya kwanza.

Akaja dukani na cheti cha ubatizo. Hakugomba. Alikiweka mezani tu.

"Kaka, mimi nipo."

Niliona aibu kweli. Nikarudi kwenye video, nikaweka namba ya kitambulisho ya kila mchezaji, Deo naye, badala ya jina. Nikaongeza na foreign key: kila goli linaunganishwa na aliyelifunga, ili mwenye magoli asifutike hovyo. Nikajiona fundi.

Kabla ya nusu fainali timu ziliruhusiwa kuongeza wachezaji. Mwalimu akaja na majina ya Tingi, akavuta kiti, akakaa pembeni yangu.

Jina la tatu: Deogratias Mapunda. Kocha wa Tingi alikuwa ameandika kila anayejua kupiga mpira kwenye kata yake, hata Deo mwenyewe hakuulizwa.

Naingiza namba yake ya kitambulisho, maandishi mekundu: namba hii tayari ipo.

"Inasemaje?"

"Kosa la kuchapa tu, Mwalimu."

Fasta nikajaribu kumfuta Deo Haule. Nyekundu tena: hafutiki, ana magoli matano.

Mwalimu akavaa miwani, akasogea.

"Haule si ukoo wako?"

"Ni shemeji, Mwalimu."

"Anaishi wapi?"

"Tingi."

Mzee alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Alipomaliza kucheka, akaitoa Mbaha mashindanoni. Mimi akaniachia kazi, kwa kuwa hakuna mwingine anayeijua ile system. Adhabu yangu: nichape tangazo hilo kwa wino wangu, nilipeleke Mbaha kwa mkono wangu.

Nikalibandika ofisi ya kijiji. Baba yangu mdogo akalisoma taratibu, mstari kwa mstari.

"Na hii kompyuta iliyotukamata kaitengeneza nani?"

"Shikamoo, baba," nikasema, ingawa tulikuwa tumeshasalimiana.

Mke wangu alininunia wiki nzima. Deo yeye aliona raha tu, eti hajawahi kuona kitu kinamtunzia magoli yake namna ile.

Nilichojifunza: database iliyotengenezwa vizuri haijui shemeji. Ukiwa na mpango wa kupindisha mambo, acha video kabla ya somo la foreign key.

Sasa wataalamu nisaidieni. Mchezaji akihamia kata nyingine kihalali, mnamwingizaje bila kuvuruga magoli yake ya zamani?

Nauliza kwa nia njema kabisa. Deo anatafuta shamba Mbaha.