Ufunguo wa Nyumba ya Waliopona

"Ni shilingi mia tatu kila mwezi, na sitoki hapa bila hizo," mama wa kwetu Tetu, mlezi wa Nyumba ya Waliopona, alimwambia karani wa kaunsili, yaani halmashauri, mjini Nyeri.

Uhuru ulikuwa bado mchanga. Nyumba ya waliotoka hospitali ya wagonjwa wa akili, na walioshindwa na pombe, sisi wanakijiji tuliijenga kwa harambee, na mama akaachiwa ufunguo. Kaunsili iliahidi shilingi mia tatu kila mwezi za chakula na dawa, kisha ikaacha kulipa.

"Mama, daktari ameandika wamepona," karani alisema. "Ati tulishe watu wazima?"

"Wamepona kwa sababu wana kwao." Akaweka ufunguo wa nyumba mezani. "Haya, kaa nao wewe."

Karani aliurudisha kwa kidole kimoja.

Miaka ile tulichanga mabati, tukapeleka maziwa bila kuitwa. Sisi tulitimiza sehemu yetu, na mama bado anawapikia hadi leo. Kaunsili, mlipeni mama pesa zake, pamoja na za miezi ya nyuma.