Nilivyomficha Bwana Stesheni Safari Yangu

Wiki iliyopita tumemzika yule mzee aliyekuwa akikaa barazani kwa fundi cherehani, karibu na soko la Malindi, yule ambaye mji mzima ulimwita Bwana Stesheni ingawa Malindi haina stesheni wala haijawahi kusikia honi ya treni. Wasomaji wangu mmezoea kwamba hapa sitaji majina. Mhariri alinikataza tangu safu ya kwanza, kwa sababu nilitaja watu kumi na saba katika aya moja na tisa kati yao wakaenda kumtembelea ofisini. Basi na leo sitaji, ingawa jina la marehemu ninalo, na la baba yake ninalo, kama nilivyo na majina ya kila mtu aliyewahi kunisalimu tangu nikiwa mtoto Mambrui. Kusoma nimeanza uzeeni, katika darasa la ngumbaru, na bado nasoma kama mtu anayechambua mchele. Majina lakini sijawahi kuhitaji kuyaandika. Hilo la majina nilikuwa nikijivunia sana mpaka wiki iliyopita.

Kwa wasiomjua: alikuwa mkaguzi wa tiketi enzi zile reli ilipokuwa moja kwa nchi zote tatu. Reli ikagawanywa, kila nchi ikachukua mabehewa yake, na yeye akajikuta upande huu. Alipostaafu akaja kupanga chumba kwetu, mtu wa bara katikati ya watu wa pwani, na Kiswahili chake kilichonyooka kama reli yenyewe. Alikuwa na kitabu cha zamani cha ratiba, kurasa zimelegea kama chapati, naye alikisahihisha kwa kalamu: treni iliyofutwa aliipiga mstari, iliyobadilishwa siku aliiandika pembeni. Kila Jumatatu alipanda basi hadi Mombasa kuulizia mabadiliko na kutukatia tiketi. Mwenye binti Kampala, mwenye shangazi Dar es Salaam, mwenye mume aliyepotelea Nairobi, wote walianzia pale barazani. Ulimweleza unakokwenda, naye akakuandikia karatasi: ushuke wapi, usubiri nini, mpaka uuvuke kwa miguu au kwa gari, na ukae upande gani wa behewa usipigwe na jua.

Mpaka wa Tanzania ulipofunguliwa, baada ya kufungwa miaka mingi, nilikuwa na dada yangu anayeishi Moshi, na mtaa mzima ulijua. Ni dada wa tumbo moja, aliolewa huko, na muda wote ule hatukuwa tumeonana. Akaniletea habari kwamba mwanawe anamhamishia Dodoma, wataondoka Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Kama nataka kumwona niende kabla, maana Dodoma miguu yangu haifiki. Ningepanda basi njia nzima, lakini mimi basi hunitapisha hata likiwa limesimama. Ikabidi treni, na treni ilikuwa ni Bwana Stesheni.

Sasa nyinyi mnatujua. Kwetu mtu hatangazi safari. Utamwona jirani kashona mabuibui mawili, kanunua sanduku, kawapeleka kuku kwa shemeji yake, na ukimwuliza atakwambia anatoka kidogo tu. Twaogopa kijicho. Na katika kuficha safari mimi nilikuwa hodari kuliko wote mtaani. Kwa hiyo nikaenda kwa mtu ambaye kazi yake ni kupanga safari, nikamficha safari. Nikamwambia naenda Voi kumwona mpwa wangu aliyejifungua. Voi sina mpwa, wala paka.

"Jumanne au Jumatano, Mama?" akaniuliza.

"Jumatano." Niliichagua kwa sababu Jumanne jirani zangu wawili walikuwa wakienda Mombasa, wangeniona na mzigo.

"Jumanne ni nzuri zaidi."

"Kwa nini?"

"Kwa mtu anayeishia Voi, hakuna tofauti. Kwa mtu anayeendelea mbele, Jumanne."

"Mimi naishia Voi."

Akatazama kikapu nilichotoka nacho sokoni, papa mkavu amejaa hadi mikononi mwa kikapu. "Na huyu papa wote ni wa mzazi mmoja?"

"Anampenda."

"Basi anampenda sana," akasema, akaandika.

Jumatatu jioni akarudi na tiketi ya daraja la tatu na karatasi yake. Akaniambia niisome yote. Nikaisoma palepale kwa sauti, neno baada ya neno, ili fundi na wateja wake wasikie kwamba bibi huyu anasoma. Nilipofika mwisho wa ukurasa nikaikunja, nikaifunga kwenye pindo la leso, nikaondoka nimeinua kichwa.

Alhamisi asubuhi, pale Voi, nikauliza treni ya Taveta, maana huko ndiko ningevukia mpaka niende Moshi. Karani akaniambia imeondoka jana alfajiri, nyingine ni Jumamosi. Nilikaa siku mbili kwenye benchi la stesheni, mimi na papa wangu, na jua la Voi halimhurumii papa. Benchi la watu sita likawa kama langu peke yangu. Kulikuwa na wanawake wawili tu waliovumilia, wakiwa wamejifunika pua kwa leso, na majina yao ninayo hadi leo. Ijumaa alasiri nikafungua pindo kutafuta tambuu, karatasi ikaanguka chini, ikalala kifudifudi. Nyuma ilikuwa imeandikwa. Nilichukua muda mrefu kuisoma, na safari hii sikusoma kwa sauti.

"Ikiwa Mama anaendelea mbele, aondoke Jumanne. Tiketi hii inakubaliwa Jumanne pia. Treni ya Taveta ni Jumatano na Jumamosi alfajiri. Hapo Taveta avuke mpaka, kisha gari hadi Moshi. Ikiwa anaishia Voi, anisamehe."

Nilifika Moshi Jumamosi jioni. Badala ya kukaa na dada yangu tangu Jumatano, nilipata Jumapili moja, tena nusu yake ilikwenda kwa kufunga vyombo. Aliponifungulia mlango aliniuliza, "Umekawia wapi, mdogo wangu?" Nikamwambia njia ilikuwa mbaya. Hata yeye nilimficha. Jumatatu akaondoka na mwanawe, na mpaka leo twaandikiana barua tu, hatujaonana tena. Zile siku mbili za benchi la Voi ningeweza kuzikaa naye tukimenya vitunguu, na nilizinunua mwenyewe kwa ujanja wangu.

Niliporudi Malindi, Bwana Stesheni aliniuliza kama mzazi hajambo. Nikasema hajambo. Akauliza, "Na papa?" Nikajibu kwamba alimpenda. Siku ile wala siku nyingine sikumwambia kwamba nilikuja kuigeuza karatasi. Naona haya kuyaandika haya sasa, lakini mwenyewe hayuko tena kuniuliza.

Alivyokufa ndivyo tulivyomfundisha sisi kuishi. Jumatatu alimwambia fundi anakwenda Mombasa kutazama ratiba, kama kawaida yake. Kumbe alikuwa anakwenda hospitali, na kutoka huko hakurudi. Siku ya mazishi, uwanja wa makaburi wa kanisa ulijaa watu aliowakatia tiketi, sisi Waislamu tumesimama upande mmoja, na katekista akauliza ndugu za marehemu ni kina nani, wa wapi, nani ameshawapasha habari. Watu wote wakageuka kunitazama. Mwenye majina ni mimi. Nikawa na jina lake na la baba yake mdomoni, na kwao sikujui. Miaka yote ile nilimwuliza habari za treni, na hata siku moja sikumwuliza yeye ametoka wapi. Akateremshwa kaburini bila mtu wa damu yake kutia udongo kwa mkono.

Baadaye fundi akaniletea daftari la marehemu. Safari zetu zote zimo. Nikatafuta yangu, nikaikuta: "Bibi wa Mambrui. Voi." Na pembeni, kwa herufi ndogo, "Moshi". Ukurasa wa mwisho ulikuwa na safari moja tu, iliyopangwa mara saba, kila mara imepigwa mstari na kuandikwa upya treni zilivyobadilika: Malindi, Mombasa, Nairobi, Malaba, kuvuka mpaka kwa miguu, Tororo. Chini yake: "Abiria: mmoja." Na bahasha imebandikwa kwa gundi, ina jina la mwanamke na anwani ya Tororo, na neno moja mbele ya jina: dada.

Sijui kilichomzuia. Huenda ni vita vya kwao, huenda ni aibu ya mtu kurudi mikono mitupu, huenda alikuwa akingoja mmoja wetu amwulize. Ninachojua ni hiki: twaficha safari zetu kwa kuogopa wabaya, na wabaya huwa wanazijua vilevile. Anayebaki gizani ni yule ambaye angetusaidia kufika, na yule ambaye sisi tungemsaidia.

Basi nimemtuma fundi Mombasa aulizie ratiba upya, karatasi aliyoniletea nimeisoma mbele na nyuma, na hapa gazetini, mbele ya jirani zangu wote na macho yao, natangaza: Jumatatu ijayo naondoka kwa basi la asubuhi, na limau mkononi, kisha treni ya jioni hadi Nairobi, treni ya Malaba, mpaka kwa miguu, naenda Tororo kumpelekea dada yake daftari. Mwenye barua au mzigo wa njia hiyo anione kabla ya Jumapili. Papa mkavu sibebi.