Sindano Moja kwa Wawili

Kazi yangu kwenye maonyesho ya wasanii pale Baraka, mji wa kando ya ziwa, ilikuwa kuitazama mikono ya dada yangu. Yeye anachora tatuu. Alijifunza Bujumbura, akarudi na mashine moja, na kwa muda mrefu alichorea watu sebuleni kwetu huku mama akipita na kuguna. Waandaaji walipokubali kuwaweka wachora tatuu pamoja na wasusi na wachoraji wa mabango, walitoa sharti: kila kibanda cha tatuu kiwe na mtu wa usafi ambaye yeye mwenyewe hachori. Mimi nilikuwa nimemaliza masomo ya afya ya jamii Uvira na nilikuwa nyumbani bila kazi. Nilikuwa nawaza tu.

"We si unaogopa kila kitu?" dada aliniambia. "Basi kuya uogope mahali kuna faida."

Nilikwenda na hofu yangu yote. Niliweka bidoni ya maji yenye bomba, na sabuni kando yake. Meza tuliifunika plastiki, mashine na waya wake tukavizungushia plastiki nyembamba ya kubadilisha kwa kila mteja. Nilitafuta dumu gumu la kutupia sindano zilizotumika, lenye mdomo mwembamba usiopitisha mkono, kisha nikalala nikiwaza kama mdomo wenyewe si mwembamba mno. Kila pakiti ya sindano niliisoma tarehe. Wino tuliumimina kwenye vikombe vidogo kama vifuniko vya soda, na juu ya wino tukagombana. Kwetu wachoraji wengi hurudisha mabaki chupani, kwa sababu wino mzuri unatoka mbali. Dada alishika kikombe chenye tone zuri jeusi, akaniangalia kwa uchungu.

"Hii nayo nitupe?"

"Sindano ilitoka kwa ngozi ya muntu, ikaingia humo, yaya. Ukirudisha, chupa yote ni damu yake."

Yaya ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu, mwanamume au mwanamke. Alitupa, lakini akanuna hadi saa ya kula.

Kwenye kibanda cha jirani alikuwapo mzee mmoja mcheshi aliyekuja na glasi yenye pombe kali ya dawa. Ndani ya glasi ilisimama sindano yake, moja, kwa wote. Mtu wake wa usafi alikuwa shemeji yake, na shemeji alikuwa akilala. Nilikuwa nimekwisha kwenda kuwaambia waandaaji, wakasema watapita. Hawakuwa wamepita bado.

Mchana, upepo wa ziwa ulipoanza kutuletea vumbi la pikipiki, vijana wawili wakaingia kwetu. Walikuwa wametoka Misisi, kwenye mashimo ya dhahabu, nguo zikiwa na udongo mwekundu ambao haufuliki. Mmoja alikuwa mnene wa sauti. Alianza kuongea kabla hajafika kwenye kiti. Mwingine alikuwa mwembamba, akitabasamu tu nyuma yake.

"Yaya, tuko na kazi yako," yule wa sauti alisema. "Shimo ilianguka juu ya huyu. Batu bote bakasema amekwisha. Mi nikachimba na mikono, hata beleshi nikatupa, nikamutoa kwa muguu kama mutoto wa mbuzi. Sasa tunataka beleshi hapa kwa mukono. Mi na ye. Mufano moja."

Beleshi kwetu ni sepeto. Dada alifurahi. Wachimbaji wakipenda kazi yako, Misisi nzima itakuja. Alichukua karatasi akachora sepeto ndogo yenye mpini mfupi, wakaisifu.

"Na sindano moja," akaongeza yule wa sauti. "Unaanza na mi, unamaliza na ye. Usibadilishe. Bababu zetu balikuwa banachanjiana na wembe, damu ya huyu inaingia kwa ule, banakuwa bandugu kabisa. Siye tutafanya na mashine."

Watu waliosimama kutazama wakapiga makofi. Dada akaniangalia.

"Haiwezekani," nilisema. "Kila muntu sindano yake."

"Unasema nini, docta?"

"Ni sheria ya hapa."

Aliacha kucheka. "Weye unasema ndugu yangu iko na damu muchafu?"

Hapo ndipo nilipoona nilivyokosa kupanga maneno. Kwetu, ukimkatalia mtu kuchanganya damu na mwenzake mbele ya watu, hujazungumza juu ya sindano. Umemtaja yeye. Kila aliyekuwa pale alianza kumtazama yule mwembamba kuanzia miguu hadi kichwani, wakimpima unene wake. Mama mmoja aliyekuwa na kapu la dagaa alisogea kidogo. Nilisema si yeye, ni watu wote, hata mimi, hata dada yangu, na kadiri nilivyoongeza maneno ndivyo nilivyosikika kama ninayeficha jambo.

Yule mwembamba akasema anataka kunawa mikono. Nikamfungulia bomba. Aliinama kwenye bidoni, na maji yakiwa yanalia kwenye beseni akaniuliza bila kunitazama:

"Ule muntu mwenye ugonjwa wa ini, ya kwenye damu. Sindano inaweza kupeleka kwa mwengine?"

"Ndiyo. Tena kwa urahisi."

"Hata kidogo tu ya damu?"

"Hata ile usiyoiona."

Alijipaka sabuni mara ya pili. Akaniambia kwamba alikwenda Kazimia kumtolea damu dada yake aliyekuwa amejifungua, na hospitali wakaikataa damu yake, wakamwambia ana virusi vya ini. Mwenzake hajui. Tangu siku hiyo yeye hanywi naye chupa moja, anasingizia meno.

"Chupa haina neno," nilimwambia. "Ni damu. Wembe, sindano. Mwambie."

"Alinitoa kwa udongo," alisema. "Nitamwambia nini? Tafadhali, docta. Kataa tu."

Akafunga bomba, akarudi kwa mwenzake akitikisa maji mikononi.

Kukataa nilikuwa nimekwisha kukataa. Nikasimama pale na akili yangu ikaanza mbio zake. Siri ilikuwa yake na nilifundishwa kuilinda. Lakini ngozi ilikuwa ya mwenzake. Na dada yangu, ambaye hajawahi kuchanjwa dhidi ya ugonjwa huo, angeshika mkono huo wenye damu, na mimi ningekuwa najua na yeye hajui. Wazo baya likanijia, la kisomi kabisa: aanze yule mzima, mgonjwa afuate, sindano hiyohiyo moja, na ugonjwa hautarudi nyuma. Wangefurahi wote. Lakini nani aliniambia kwamba yule wa sauti ni mzima? Sauti nene si kipimo. Nililitupa wazo hilo nikaona aibu kwamba lilikuwa limenipendeza.

"Sawa," yule wa sauti alisema. "Tunaenda kwa ule mzee. Ye hana maneno mingi."

Mzee wa jirani alikuwa akisikiliza muda wote. Akainua glasi yake juu kama anayetakia watu heri. "Karibuni, batoto. Hapa ni sindano moja tangu asubuhi!"

Watu wakacheka. Yule mwembamba hakucheka. Wa sauti alimshika bega, wakageuka, na nikaona kwamba kukataa kwangu ndiko kulikokuwa kukiwapeleka kwenye glasi ile.

Nilimsogelea dada, nikanong'ona, "Yaya, basiondoke. Fanya lolote, lakini sindano mbili."

"Kwa nini? Si umebafukuza weye?"

"Siwezi kusema."

Alinitazama. Nilidhani angenigombeza; nilimnunisha tangu asubuhi juu ya wino, na sasa wateja wake bora walikuwa wakimpa mgongo. Macho yake yakaenda kwenye bidoni ya maji, yakarudi kwangu.

"Eh, bacreuseur!" aliwaita wale wachimbaji. "Munaona hii ya chini?" Alikanyaga pedali ya mashine, ile ya sakafuni inayoipa moto, na mashine ikanguruma. "Hii ndiyo inachoma. Mi nashika tu. Huyu akikaa, weye utakanyaga. Weye ukikaa, ye atakanyaga. Kila moja anamuchora ndugu yake na muguu yake. Na wino namimina sasa hivi, mbele yenu, kutoka chupa moja. Ule mzee anaweza kufanya hivyo?"

"Bei yangu ni nzuri!" mzee alipaza sauti.

"Nyamaza, mzee, tuko kwa kazi."

Yule wa sauti alisimama akifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kwa uso mzima. "Mi nitakanyaga?"

"Ukikanyaga vibaya beleshi itakuwa kijiko."

Hapo akacheka, na kicheko chake kikarudisha watu wote upande wetu.

Dada alimimina wino kwenye vikombe viwili kabla ya mtu yeyote kutoa damu, kimoja akakisukuma mbali. Akafungua pakiti ya kwanza wakiona. Mimi nilisimama karibu naye kuliko ilivyohitajika. Yule wa sauti alikaa kwanza, na rafiki yake akaweka mguu kwenye pedali kwa woga, kana kwamba inauma. Dada alikuwa akimwambia kanyaga, acha, kanyaga, na mistari ilitoka imenyooka kuliko nilivyotarajia. Alipomaliza alifuta, akafunika mkono ule kwa plastiki safi, akaniachia meza.

Niliichomoa ile sindano nikaitia dumuni. Nikatupa kikombe, nikavua plastiki zote, nikafuta meza kwa dawa na kuiacha ikae na unyevu wake muda unaotakiwa, wakati watu wakipiga kelele kwamba docta anaosha meza kama anaoga. Dada alipoanza kuvaa glavu nilimpa jozi nyingine juu ya hiyo.

"Vaa mbili."

Alisita kidogo, akavaa.

Mkono wa yule mwembamba ulitoa damu zaidi. Nilitazama kila tone. Kila karatasi ya kufutia niliipokea kwa mfuko ulio wazi ili isiguse popote. Dada alipojikuna kidevu kwa bega nilikaribia kupiga kelele. Yule wa sauti alikanyaga pedali kwa nguvu, akiimba, akisimulia tena shimo lilivyoanguka, na safari hii shimo lilikuwa refu zaidi.

Mashine ikanyamaza. Dada akageuka kuchukua karatasi safi. Katika upenyo huo mdogo, yule wa sauti aliivua plastiki ya mkono wake mwenyewe. Tatuu yake mbichi ilikuwa ikimetameta, na katikati ya sepeto palikuwa na shanga za damu.

"Sasa ile ya bababu," alisema, akanyoosha mkono ili ngozi ikutane na ngozi.

Yule mwembamba alijitupa nyuma, kiti kikaanguka, akaudaka mkono wake na kuukumbatia kifuani, damu na wino vikaingia kwenye shati lake.

"Usiniguse!"

Uso wa yule wa sauti ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi na mtoto wake.

"Unanikataa?"

"Niko na ugonjwa wa ini," alisema yule mwembamba. Alisema kwa sauti ya kawaida, mbele ya mama wa dagaa na mbele ya mzee wa glasi. "Iko kwa damu. Balinisemea Kazimia. Si docta amenikataza, ni mi nilimuomba."

Yule wa sauti alibaki na mkono hewani. Nilitaka kueleza mengi: kwamba kugusana mikono hakuna neno, kwamba wengi wanaishi nao miaka mingi, kwamba kuna kipimo. Dada akanikanyaga mguu nikanyamaza.

"Wembe," akasema yule wa sauti. "Kule kwenye kambi tunanyoa na wembe moja."

"Najua. Nimeanza kuficha. Unanunua nyingine, naficha tena."

"Ni weye unaiba wembe zangu?" Alikuwa amekasirika kweli, na sikujua amekasirikia nini hasa. "Nilipiga ule mutoto wa Lulimba juu ya hizo wembe!"

Mtu mmoja nyuma alicheka akaacha. Dada alimwinua yule mwembamba, akamsafisha, akamfunga mkono kwa utulivu uleule aliomfungia mwenzake. Nami nikamfunga upya yule mwingine, nikimwambia asubuhi nitampeleka kupimwa kama anataka. Waliondoka kila mmoja upande wake, na usiku nililala vibaya.

Lakini asubuhi nilimkuta yule wa sauti mlangoni pa kituo cha afya kabla yangu, amekaa kwenye pikipiki. Yule mwembamba alikuwa ng'ambo ya barabara, hakukaribia. Mwenzake aliingia, akakaa ndani muda ambao nilipitisha nikihesabu makosa yote niliyoweza kuyafanya. Alipotoka alinipita, akasimama katikati ya barabara.

"Siko nayo," aliita. "Banasema nirudie kupima tena kisha. Na iko sindano ya kukinga, Uvira."

Yule mwembamba aliitikia kwa kichwa akiangalia chini, mkono uliofungwa ukiwa nyuma ya mgongo.

"Unasimama kule kama mudeni wangu juu ya nini? Panda, tuende. Misisi ni mbali."

Alivuka. Alipanda nyuma, akakaa mbali naye kadiri kiti kilivyoruhusu. Yule wa sauti aliuangalia upenyo ule kwa kioo, akanyoosha mkono nyuma, akamvuta kwa shati hadi kifua kikagusa mgongo, akawasha.